Kwa Nini Redio ya Wilayani Inashika kwa Jirani, Kwako Inakoroma

Watu wawili wa kitongoji kimoja wana redio za aina moja, zilizonunuliwa mnadani siku moja, na wote wanataka kusikiliza stesheni ileile ya wilayani kwao. Kwa wa kwanza mtangazaji anasikika hata anapovuta pumzi. Kwa wa pili, chini kidogo bondeni, ni mkoromo mtupu, sauti inakuja na kupotea. Huyu wa pili ataanza kwa kulaumu betri, atahamia kwenye redio yenyewe, na mwisho atawageukia wenye stesheni: mtambo wao hauna nguvu. Lawama hii ya mwisho ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wakate tamaa mapema na redio ambazo zingeshika nyumbani kwao bila shida kubwa.

Redio ninazozizungumzia ni zile za jamii na za wilaya. ORS FM ya Terrat, Simanjiro, iliyoanza mwaka 2002 ikitangaza kwa Kimaa na Kiswahili. Fadeco ya Karagwe. Micheweni FM, kaskazini mwa Pemba. Mang'elete ya Makueni, Kenya, iliyoanzishwa na vikundi vya akina mama. Ni kwenye stesheni za namna hii utasikia kwamba ng'ombe watatu wenye alama fulani sikioni wamepotea, mnada wa Jumatano umesogezwa mbele, chanjo ya watoto wiki hii iko zahanati gani, na nani amefiwa na mazishi ni saa ngapi. Redio ya Dar es Salaam au Nairobi haitakuambia hayo, na haina sababu ya kukuambia.

Sasa, udogo wake ni wa kiasi gani? Marekani, iliporuhusu stesheni za aina hii mwaka 2000, iliweka kikomo cha wati 100 na antena ya wastani wa mita 30 juu ya ardhi inayoizunguka. India nayo kwa kawaida huzipa redio za jamii wati 100 zikihesabiwa kwenye antena, na mnara usiozidi mita 30. Afrika Kusini ina leseni ya nguvu ndogo inayoishia wati 1 tu, inayotosha kiwanja cha michezo, kanisa au chuo. Kwetu Tanzania mlango ni mwingine: leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hutazama kwanza eneo unalokusudia kulihudumia, liwe taifa, mkoa, wilaya au jamii, na masafa yanagawiwa kwa kufuata hilo.

Wati 100 ni umeme uleule uliokuwa unaliwa na balbu moja ya zamani, ile ya waya unaowaka ndani ya kioo. Mtu akiambiwa wilaya nzima inahudumiwa na umeme wa balbu moja atacheka. Lakini washa balbu hiyo ndani ya shimo, halafu ipandishe juu ya kilima usiku wa giza, uone ni vijiji vingapi vitakuuliza kule juu kuna nini.

Urefu kwanza, wati baadaye

Matangazo ya FM yako kati ya megahezi 87.5 na 108. Wimbi lake moja lina urefu wa mita 3 hivi, na mawimbi mafupi kiasi hicho husafiri kwa kunyooka, karibu sawa na mwanga. Waliokua na Radio Tanzania Dar es Salaam wamezoea tabia nyingine kabisa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza, ilitegemea masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa ya kati huambaa na ardhi, na usiku hurudi kutoka tabaka za juu angani. Masafa mafupi hudunda huko juu mchana na usiku. Kwa mitambo michache mikubwa nchi nzima ilisikia. FM haiambai wala haidundi hivyo. Ikifika mahali ardhi inapojikunja, inaendelea mbele na kutuacha chini.

Mafundi wana hesabu fupi ya kujua upeo huo. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Antena ya mita 30 inaona kilomita 22 hivi. Redio iliyo mezani, mita moja na nusu kutoka chini, nayo ina upeo wake wa kilomita 5. Ukijumlisha, kwenye ardhi tambarare mtafikiana kwa kilomita 27. Ichukue antena ileile uiweke kilimani, mita 100 juu ya uwanda, na umbali unafika kilomita 46. Wati hazijaongezeka hata moja.

Hii ndiyo maana kwenye nyanda za Simanjiro, mahali jicho linaona mbali, mnara mmoja unaweza kufanya kazi kubwa, wakati Karagwe, penye vilima na mabonde yanayopokezana, kijiji cha kilomita 30 kilichokaa mgongoni mwa kilima kinasikia, na cha kilomita 8 kilichojificha nyuma ya kilima kingine hakisikii. Kyela ina yote mawili: uwanda unaoteremka mpaka Ziwa Nyasa, na upande wa mashariki ukuta wa milima ya Livingstone. Mawimbi yanaweza kuinamia ukingo wa kilima kidogo na kudondosha makombo upande wa pili, na wanaoishi hapo huishi kwa makombo hayo. Lakini kivuli cha mlima mrefu ni kivuli kweli, na wati haziutoboi mlima.

Kuhusu hizo wati, kuna jambo ambalo nadhani kamati nyingi za redio zingepaswa kulisikia kabla ya kwenda kwa mfadhili kuomba mtambo mkubwa. Mawimbi yanaposafiri karibu na ardhi, kila ukizidisha umbali mara mbili, nguvu inayopokewa hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita, kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi. Kwa hiyo stesheni inayosikika vizuri kilomita 20 kwa wati 100, ikinunua mtambo wa wati 400, haitasikika kilomita 80 wala 40. Itafika 28. Kinyume chake, ukiinua antena kutoka mita 15 hadi 30, unapata karibu faida ileile ya kuzidisha wati mara nne. Bomba la chuma na nyaya za kuushikilia mnara vinanunuliwa mara moja. Wati zinanunuliwa kila siku kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, au kwa dizeli, au kwa betri za sola zinazokufa baada ya miaka michache.

Mnara mrefu una gharama zake, sisemi hauna: radi, vibali, kutu, na nani atapanda kubadilisha waya. Ila ukiniuliza pesa za kwanza ziende wapi, nitasema juu.

Kilomita zinazoandikwa na kilomita zinazosikika

Hapa kuna mkanganyiko unaowapata hata watu wa redio wenyewe. Marekani wanasema stesheni ya wati 100 na mita 30 inahudumia umbali wa kilomita 5.6 kutoka mnarani. Hesabu yetu ya upeo imetoa kilomita 27. Nani anadanganya?

Hakuna. Ile kilomita 5.6 ni mpaka wa huduma ya uhakika. Ndani yake mawimbi yana nguvu ya kutosha redio ya kawaida kupokea bila msikilizaji kuhangaika. Nje ya mpaka huo mawimbi hayajafa. Yanaendelea kupungua taratibu, na mahali yanapokatikia hasa panategemea redio iliyoko upande wa pili, antena yake, nyumba iliyomo na kelele za umeme zilizo karibu nayo. Kati ya kilomita 6 na kilomita 27 ndiko wanakoishi wasikilizaji wengi wa redio ndogo za vijijini, na katika eneo hilo kushika au kutoshika kunaamuliwa na msikilizaji karibu sawa na anavyoamua mtu wa mtamboni. Yule jirani wa bondeni anayelaumu wati huenda ana suluhisho juu ya paa lake.

Ndani ya nyumba

Tuanze na bati. Nyumba ya nyasi au makuti karibu haiyaathiri mawimbi ya FM. Bati ni chuma, na chuma huyarudisha yalikotoka. Chini ya paa la bati mawimbi huingilia ubavuni tu, dirishani, mlangoni na kutani, kisha yanagonga na kurudi, mengine yakikutana na wenzake na kufutana. Ndiyo maana redio inashika ukiwa umeishika mkononi na kukoroma ukiiweka mezani. Wimbi lina mita 3, kwa hiyo kuisogeza redio nusu mita kulia au kushoto kunaweza kukutoa kwenye tundu la ukimya na kukuweka kwenye sauti safi. Watu hugundua hili wenyewe, halafu wanaona haya kama vile wanafanya ushirikina. Ni sayansi kabisa. Ikiwa redio yako inashika pale tu kwenye kona ya dirisha juu ya gunia la mahindi, basi hapo ndipo mahali pake.

Antena ile ya kuvuta ina urefu wake kwa sababu. Robo ya wimbi la mita 3 ni sentimita 75, na antena ya urefu huo ndiyo inayopokea vizuri. Iliyovunjika ikabaki kisiki cha vidole viwili inakunyima sehemu kubwa ya mawimbi. Sentimita 75 za waya wa umeme uliochunwa ncha na kuzungushiwa kisiki hicho zinarudisha karibu yote. Wengi wakishajua hivi huvuta waya wa mita kumi wakidhani urefu ndio dawa. Dawa ni kimo: waya mfupi uliotoka nje ya dirisha na kupanda juu ya mti wa mita nne utaushinda waya mrefu uliolala chini ya bati, kwa sababu ile faida ya kuinua antena haiangalii iko upande wa mtambo au upande wako. Mvua ya radi ikianza kunguruma, uchomoe. Na usiupitishe kabisa karibu na nyaya za umeme wa barabarani.

Jaribu pia kuigeuza antena. Stesheni nyingine hurusha mawimbi yaliyosimama, nyingine yaliyolala, nyingine yote mawili. Antena yako ikisimama wakati mawimbi yamelala, unapoteza mengi bure. Kwenye nyanda za wazi tofauti ni kubwa; vilimani mawimbi yanakuwa yameshagongagonga na kuchanganyika, na jibu linapatikana kwa kugeuza tu.

Halafu kuna kelele, adui ambaye kabla ya sola na simu hatukuwa naye kiasi hiki. Shangazi yangu alinilalamikia kwamba redio ya wilayani kwao imekufa tangu wajukuu wamletee taa za sola.

"Shikamoo shangazi. Imekufa mchana na usiku?"

"Marahaba baba. Mchana inasema. Ikifika jioni, saa ya taarifa, ndiyo inaanza ugonjwa wake."

Redio ilikuwa juu ya kabati, ubavuni mwa kile kisanduku kinachosimamia chaji ya betri, na kando yake chaja ya simu ya bei rahisi. Nilichomoa chaja, mkoromo ukapungua. Nikazima taa moja ya balbu za kisasa, ukapungua tena. Tukaihamishia redio upande wa pili wa chumba na taarifa ya habari ikasikika, siyo safi sana, lakini kila neno.

"Kumbe ni vidude hivi! Na mimi nimewasema vibaya wale watoto wa redioni mwezi mzima."

Chaja, vidhibiti vya sola na balbu za bei ya chini hukata umeme kwa kasi kubwa mara maelfu kwa sekunde, na visipokuwa na vichujio vizuri hutapakaza kelele mpaka kwenye masafa ya FM. Stesheni kubwa inazifunika kelele hizo, wala hutajua zipo. Ndogo inazama. Pikipiki nayo ikipita karibu, cheche za injini yake huingia redioni kwa mkwaruzo wa kufuatana unaopotea ikishafika mbali. Pikipiki itapita tu. Chaja unaweza kuichomoa.

Redio za kusachi zenyewe zina mtego wake. Ukibonyeza kitufe cha kutafuta, mashine inasimama penye mawimbi makali na kuruka yale dhaifu, kisha inakuonyesha orodha ya stesheni nane, na ya wilayani kwenu haimo. Unahitimisha kwamba haifiki. Ingiza namba za masafa kwa mkono, kituo kwa kituo, halafu ndiyo usogeze redio na antena. Redio za zamani za kuzungusha zina shida ya aina nyingine: baadhi zina kifaa ndani kinachojivuta chenyewe kuelekea stesheni yenye nguvu iliyo jirani, kwa hiyo unaigusa ile ndogo, unaachia kidole, sindano iko palepale lakini sauti imehamia kwa jirani. Kama nyuma kuna swichi iliyoandikwa AFC, izime.

Kwa wanaosikilizia kwenye kitochi, au mulika mwizi kama wanavyosema Kenya, antena ni waya wa spika za masikioni. Ukiukunja mfukoni umekunja antena. Unyooshe, uutandaze begani. Na ndiyo sababu simu inakataa kufungua redio mpaka uchomeke huo waya, na spika zisizo na waya haziisaidii kitu.

Kuna jambo moja la mwisho hapa, nalo ni stirio. Ili kupokea sauti ya pande mbili bila mchuruziko, redio inahitaji mawimbi yenye nguvu kubwa sana kuliko ya sauti ya mono, hata mara mia. Redio ya jikoni yenye spika moja haihusiki. Lakini kwenye gari au kwenye simu yenye spika za masikioni, kubonyeza mono kunaweza kuugeuza mchuruziko kuwa mazungumzo yanayoeleweka. Upande wa stesheni, mimi naona redio ya jamii ambayo kutwa nzima ni watu wawili wakizungumzia mbolea haina haja ya stirio. Ni mapambo tu, na gharama yake analipa msikilizaji wa mbali.

Mvua, jua na alfajiri

Vijijini wengi huamini mvua inaua mawimbi. Kwenye masafa ya FM matone ya mvua karibu hayafanyi lolote. Kinachotokea siku ya mvua ni kingine: umeme umekatika, au maji yameingia kwenye kiungo cha waya unaopanda mnarani, au fundi amezima mtambo kwa kuogopa radi, au sola haikupata jua na wahusika wameshusha nguvu ili betri zifike usiku. Stesheni inayofifia kila masika na kurudi kila kiangazi inahitaji mtu wa kupanda mnara na kuziba viungo.

Alfajiri ya kiangazi nayo ina mambo yake. Usiku mtulivu ardhi hupoa, hewa ya baridi inalala chini na ya joto inakaa juu yake, na mpaka kati yao huyakunja mawimbi ya FM yarudi chini, yafike mbali kuliko hesabu ya upeo inavyosema. Juu ya bahari na maziwa makubwa hali hiyo inaweza kudumu saa nyingi. Mtu wa pwani anaweza kuamka akakuta stesheni ya upande wa pili wa maji imekalia masafa ya stesheni yake. Jua likipanda hewa inachanganyika na mgeni anaondoka.

Kukaliwa masafa kunanipeleka kwenye tabia ya FM ninayoipenda kuliko zote. Kwenye masafa ya kati, stesheni mbili zikigongana unazisikia zote mbili zikizozana. Kwenye FM, redio humchagua mwenye nguvu zaidi hapo ulipo na kumnyamazisha mwingine karibu kabisa, hata kama tofauti yao si kubwa. Mfano ulio wazi uko mjini. Nairobi, Koch FM ya Korogocho, iliyoanza mwaka 2006 ndani ya kontena la meli, na Pamoja FM ya Kibera zimetumia masafa mamoja, 99.9. Aliye Korogocho husikia ya kwake, wa Kibera ya kwake, na mtu wa katikati ya safari hupata vita: neno la huku, neno la kule. Hilo linawezekana kwa sababu zote mbili ni ndogo. Mojawapo ikipandisha wati, ya pili inamezwa nyumbani kwake.

Kumbe basi mtu anayeuliza kwa nini serikali haiwaruhusu waongeze nguvu tu, anauliza pia ni stesheni gani ya jirani inyamaze. Kati ya megahezi 87.5 na 108 nafasi zinahesabika, na mijini zimejaa. Udogo ndio unaoruhusu masafa yaleyale kutumika tena wilaya ya tatu au ya nne. Sisemi kila kikomo kimewekwa kwa nia njema. Redio ya jamii ya Homa Bay, iliyoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO ikiwa na mtambo mdogo wa gharama nafuu, ilikuwa ikitangaza kwa Kijaluo, na serikali ya Kenya iliifunga mwaka 1984. Hakuna mawimbi ya mtu yaliyokuwa yakivurugwa. Lakini hiyo ni siasa, na si vizuri kuichanganya na hesabu za masafa, ingawa wenye mamlaka hupenda sana kuzichanganya.

Wapo wanaosema yote haya yamepitwa na wakati, kila kitu kiko mtandaoni. Kwa mtoto wa Micheweni aliyeko Muscat au London ni kweli, na baadhi ya stesheni humfikia kwa njia hiyo. Kwa aliyeko kilomita 15 kutoka mnarani, bando la kusikiliza kila siku linazidi bei ya betri, na stesheni nayo hulipia zaidi kila wasikilizaji wa mtandaoni wanapoongezeka. Mawimbi hayana hesabu hiyo: wasikilize kumi au elfu kumi, gharama ya mtambo ni ileile.

Kuhusu betri hizo, kuzianika juani kunasaidia kweli, kidogo. Joto huharakisha kemia iliyobaki ndani na unapata saa kadhaa za ziada. Zikianza kutoa maji zitupe mbali na watoto, kwa sababu hayo maji yanaozesha redio kwanza na ngozi baadaye.

Lililobaki ni la kuwasaidia wenye stesheni. Studio haijui inasikika wapi. Mtangazaji ana mita inayomwambia wati zinazotoka, hana inayomwambia zinafika wapi, na stesheni chache za vijijini zina gari na kipimo cha kuzunguka wilaya nzima. Ramani yao ni ujumbe na simu zenu, na nyingi zinazofika zimejaa salamu na "mnasikika vizuri sana", ambazo mafundi hawawezi kuzifanyia kazi. Ukiandika, taja kitongoji na kama uko mlimani au bondeni, saa uliyosikiliza, redio au simu, ndani au nje, na kama sauti ilikatika au ilikoroma tu. Kukatika na kurudi ghafla mara nyingi ni dalili ya kiungo kibovu mnarani. Kukoroma mfululizo ni umbali, kilima, au chaja. Sauti ya stesheni nyingine kuingia ni mgongano wa masafa, na malalamiko ya namna hiyo yakitoka vitongoji vitano tofauti, yakiwa na tarehe na saa, stesheni ina karatasi ya kupeleka TCRA.